Upepo wa Shokapu za Mbele

Mjomba alikuwa na Honda kubwa ya miaka ya 1980, ya zile zenye kivalvu juu ya kila shokapu ya mbele, kimefunikwa na kofia ndogo. Ndani mna springi na oili kama shokapu nyingine yoyote, ila juu ya oili kuna nafasi ya hewa, na hewa hiyo huisaidia springi. Shokapu inavyozama, hewa inabanwa na kukaza zaidi. Mpaka leo naona ni ufundi mzuri mno.

Tulikuwa tunajiandaa kwenda Pangani, mimi nyuma na mzigo wa harusi mgongoni. Barabara ya kupitia Tongoni wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo, na Honda ile kila ikifungwa breki ilizama mbele mpaka shokapu zinagonga. Tukaipeleka kwa fundi wetu wa Ngamiani, hapo Tanga mjini.

Kijana wa pancha jirani akaja na mpira wa kompresa. "Leteni niwajazie, mara moja tu."

Fundi akaweka kiganja juu ya valvu. "Hapana, mwanangu. Hiyo ya tairi. Humu utazipasua sili."

Alikuwa sahihi kabisa. Tairi lina nafasi kubwa, linavumilia. Nafasi ya hewa kwenye shokapu ni ya kikombe cha kahawa, kompresa ikipuliza kidogo tu imeshapitiliza, sili, zile raba zinazozuia oili isivuje, zinafumuka, oili inachuruzika hadi kwenye breki. Akaagiza pampu ya baiskeli, na Tanga pampu ya baiskeli haitafutwi mbali.

Akaisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, akaweka gogo chini ya injini hadi tairi la mbele likaning'inia. Injini ilikuwa imepoa. Alisisitiza hilo, kwani hewa ikipata joto kipimo hudanganya. Tulitaka 14 PSI, nusu tu ya upepo wa tairi. Akapampu ikapita hapo, kisha akawa anaachia kidogo kidogo, kipimo kikiwa mkononi.

"Mjomba, hebu pima tena tuhakikishe," nikamwambia mjomba.

"Ukipima tena umeshapunguza, mjomba," akanijibu. Kipimo chenyewe kinakunywa upepo kila kikibandikwa, na kwenye nafasi ndogo namna ile tofauti inaonekana. Fundi akahamia upande wa pili, akahakikisha zimelingana, maana Honda ile haikuwa na bomba la kuziunganisha. Mwisho akafunga uzi kwenye chuma king'aacho cha shokapu, juu kidogo ya sili, ili utuonyeshe shokapu imezama hadi wapi.

Tulipofika Pangani niliinama kuutazama kabla hata ya kushusha mzigo. Uzi ulikuwa umesukumwa juu, umebakiza kama vidole viwili kufika mwisho. Shokapu hazikugonga njia nzima. Kesho yake mjomba alirudi peke yake, na kabla ya kuondoka akaachia upepo kidogo kila upande, kwa kuwa uzito ulikuwa umepungua.