Baraza ya Baba Imekuwa Fremu Tatu

Jamaa wa Tanga mlio nje, haya nawaandikia nyinyi. Mtatumiwa picha za kila kitu: gati jipya, harusi ya binamu, maji yakijaa Raskazone. Hakuna atakayewatumia picha ya mbele ya nyumba yenu. Yetu ya Ngamiani, ambayo wengi wenu mmeinywea kahawa na kuichezea bao, haina mbele tena. Palipokuwa baraza sasa pana fremu tatu: wakala wa pesa za simu, saluni ya kike, na kijana anayeuza makava na chaja. Mlango mkubwa umezibwa. Baba yangu anaingia kwake kwa uchochoroni, ubavu ubavu, fimbo mbele, kama mtu anayekwepa wadai.

Mengine ya mji nitayapita upesi, maana mengi ni mazuri na mazuri hayaninyimi usingizi. Baiskeli zimepungua, bodaboda na bajaji zimejaa. Meli tulizozoea kuziona zimetia nanga mbali huku matishari yakienda na kurudi, sasa zinafunga gatini. Kina kimechimbwa hadi mita 13. Treni ya mizigo imerudi njia ya Moshi tangu 2019. Uwanja wa Mkwakwani ni uleule, na kwa watu wa Coastal Union ubingwa wa ligi wa 1988 bado ni habari ya asubuhi. Sawa. Turudi barazani.

Mnaomjua mzee mnajua ile baraza ilikuwa nini. Kijana wa Muheza, kasoma chuo cha ufundi cha Dar Tech, kaajiriwa reli enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, kapelekwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alirudi na sanduku la vifaa na mke mjamzito. Mwaka uliofuata Amin akaingia Kagera. Baba alikuwa Korogwe na gengi lake wakibadilisha mataruma, Mwalimu akasema redioni kwamba uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Huyo akaenda. Majeshi ya Amin yalikuwa yamelilipua daraja la Kyaka, na mtu wa reli aliyezoea kuunga chuma alikuwa na kazi ya kufanya.

Daraja aliloshiriki kulifunga lilikuwa la Bailey, na nyote mliokulia mtaa ule mnaweza kulifunga hata leo. Kipande kimoja kina urefu wa futi 10 na kimo cha futi 5, uzito wake unapita kilo 250, na kimetengenezwa kibebwe na watu sita bila kreni. Vipande vinashikwa kwa pini. Unaunga nyuma, unalisukuma daraja zima mbele juu ya rola, unaunga tena, unasukuma, mpaka pua yake iguse ng'ambo. Tulifundishwa kwa chaki juu ya saruji ya baraza. Kisha tukipangwa sita sita kubeba benchi, na asiyeinua kwa pamoja alirudishwa kwa mama yake.

Alifika hadi Masaka, Uganda, akarudi, akakuta nchi imeambiwa ifunge mkanda miezi 18. Tunajua ile miezi ilivyogeuka miaka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa duka la kaya. Baba alitengeneza redio na pampu za mtaa mzima palepale barazani. Hela hakuchukua, ila aliyekuja na chungwa la Muheza hakurudishwa nalo.

Na sasa nifike panaponiuma. Mama alipokatwa mguu kwa ajili ya sukari, baba alijenga njia ya mteremko ya kiti chake cha magurudumu, kutoka mlango mkubwa mpaka barabarani. Kila futi moja ya kwenda mbele, inchi moja ya kushuka, si zaidi. Jioni alimsukuma mwenyewe mpaka kwa muuza mihogo na kumrudisha, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kushika. Nimekuwa nikiuona ule mteremko nikiwa Maskati, nikifunga viyoyozi kwenye majumba ya watu. Umevunjwa. Juu yake imekaa kaunta ya wakala.

Nikawapigia simu ndugu zangu mmoja mmoja, na sitaandika niliyowaambia. Dada akanisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, akasema: "Kaka, muulize mwenyewe aliyechora."

"Baba, nani amekufanyia hivi?"

"Nimejifanyia."

Akatoa ramani kutoka chini ya godoro. Karatasi ya grafu, penseli, vipimo vyote, mpaka boriti ya juu ya milango na nondo zake. Akanieleza kama ananieleza mradi wa serikali. Mafao aliyolipwa tunayajua, hayanunui dawa za presha za mwezi. Mji umejaa wageni kwa sababu ya bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, na kila mgeni anataka saluni na vocha. Bomba lenyewe linaingia nchini upande wa Mutukula, kulekule alikopita vitani. Hapo akacheka. "Mimi nilikwenda kwao kwa daraja, wao wanakuja kwangu kwa bomba. Nisiwapangishe?"

Nikamwambia baraza haikuwa mali ya kupangisha. Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, mimi barazani nilikaa na watu, sikukaa na saruji. Watu wenyewe wamekwisha. Nimebaki na bao." Akawataja, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyekuwa hai. Jibu ni zuri, najua. Bado ule mteremko angeuacha.

Kwa hasira nikasema neno ambalo mtoto hamwambii mzazi: na siku yako ikifika, baba, tukupitishe wapi? Maana uchochoro ule una kona penye tangi la jirani. Nimeupima kwa macho, jeneza halipindi.

"Kwa macho? Miye nimeupima kwa futi. Kweli halipindi."

Akainuka, akanipeleka ukumbini hadi kwenye mlango mkubwa wa zamani, akaufungua. Nyuma yake ndipo ulipo mgongo wa fremu ya kati. Si tofali. Ni fremu ya chuma iliyovikwa mbao, imeshikwa kwa bolti nane, zimepakwa grisi. Ukizifungua, ukuta wote unatoka mzima. Kaunta ina magurudumu, inasukumwa kushoto. Inabaki njia ya futi nne mpaka barabarani. Imo hata kwenye mkataba: siku hiyo wakala anafunga kazi, na mwezi ule halipi kodi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha akaniambia wameshafanya mazoezi, yeye na wakala. Mara ya kwanza walikawia, mara ya pili wakamaliza ndani ya robo saa. Sikuweza kucheka tena.

"Na spana iko wapi?"

"Anayo kijana."

"Sisi wanao?"

"Wewe uko Maskati, dada yako Dar, mdogo wako Mwanza. Maiti haingoji ndege."

Nikatoka, nikazunguka uchochoroni mpaka mbele, nikasimama kwenye foleni ya wateja wa kutoa pesa mlangoni kwa baba yangu. Kijana wa wakala hajafika hata miaka thelathini. "Shikamoo kaka. Spana ya babu? Hii hapa, naifungia pamoja na hela." Anajua pia dawa zipi ni za asubuhi na zipi za usiku.

Basi mkija, njooni na shilingi, riyali zenu zitawachosha kwa maswali ya kiwango. Msimwambie mtu yeyote kule mlikokuwa kukoje; wanakujua kwa simu zao kuliko nyinyi. Kabla ya kugombana na ndugu juu ya nyumba, ombeni kwanza kuona mkataba wa wapangaji, na someni mpaka mwisho. Na kama wazazi wako hai, ulizeni nani anashika spana kwenu.

Mimi nimemwambia yule kijana nitamlipa kodi ya mwaka mzima aondoke, nirudishe baraza na mteremko wa mama. Amekataa kwa adabu zote. Mkataba wake ni na babu, akasema, na ile kazi nyingine hana wa kumwachia. Mkataba unaisha Desemba. Baba ameshautia saini mwingine.