Jeneza upande mmoja, vitabu upande wa pili

Jana jioni nimetazama mchezo wa kuigiza wa vijana wa chuo, na mpaka sasa sijatulia. Wanafalsafa waliokufa wameketi mkekani, wanawasubiri wenye itikadi kali za dini. Yumo Hypatia wa Aleksandria, aliyeuawa na kundi la Wakristo mwaka 415. Yumo Giordano Bruno, aliyechomwa moto Roma mwaka 1600. Lakini moyo wangu ulibaki kwa Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba huko Hispania, ambaye vitabu vyake vya falsafa vilichomwa mwaka 1195 naye akafukuzwa mjini.

Kijana anamsogelea na kiberiti mkononi. "Kafiri wewe!" Mzee hapandishi sauti. "Umekisoma kitabu changu, mwanangu?" Kiberiti kikadondoka, na kwa ukimya ule ukumbi mzima tulikisikia.

Mwishoni maiti yake inarudishwa Cordoba kutoka Marrakesh: jeneza upande mmoja wa mnyama, vitabu alivyoandika upande wa pili, mzigo ukae sawa. Hilo halikutungwa, mwanasufi Ibn Arabi alisimulia kwamba aliliona. Mama mmoja jirani yangu alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi yangu niliyaacha yatiririke.