Jumatano ya Juma Kuu kwenye dirisha la malipo

Saa 11 alfajiri. Nyumba nzima bado imelala. Wiki hii simu haishikwi kabla ya Neno, kwa hiyo iko mezani, uso chini. Sisomi mengi. Tangu Jumatatu nafuata masomo ya Misa ya kila siku. Juzi tulikuwa Bethania, Mariamu akimpaka Yesu miguu kwa nardo, marhamu ya thamani kubwa, hata nyumba ikajaa harufu. Jana Yesu alifadhaika rohoni mezani pa wanafunzi wake. Leo ni Mathayo 26: Yuda anakwenda kwa wakuu wa makuhani kuuliza watampa nini akimsaliti Yesu.

Lakini kilichonishika asubuhi hii ni somo la kwanza, Isaya 50. Mtumishi wa Bwana anasema amepewa ulimi wa hao wafundishwao, apate kumtegemeza kwa maneno yeye aliyechoka. Kisha ikaja Zaburi ya 69, ya mtu aliyevunjwa moyo, anayetafuta wa kumfariji asimwone hata mmoja. Nikazisoma tena kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine. Ulimi upo, na aliyechoka yupo. Mbona hawakukutana? Nikaondoka na swali hilo.

Saa 12 na nusu. Basi limejaa. Nasali kwa majina: mama, wagonjwa ninaowajua, jirani aliyefiwa. Kisha nanyamaza tu. Kunyamaza mbele za Mungu nako ni sala, hata katikati ya kelele.

Saa 2. Nafungua droo na kuhesabu fedha za kuanzia siku. Kazi yangu ni kulipa watu dirishani, na labda ndiyo maana Jumatano hii hunigusa kuliko siku nyingine za Juma Kuu. Yuda alikuwa mshika mfuko wa wale Thenashara, wanafunzi kumi na wawili wa Yesu. Kule Bethania alipiga hesabu papo hapo: marhamu ile ingeuzwa dinari 300. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, basi lile lilikuwa pato la karibu mwaka mzima. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonitisha. Yohana anasema alikuwa mwizi, lakini hasemi kwamba alikosea kujumlisha.

Halafu vile vipande 30 vya fedha. Katika Kutoka 21, ng'ombe akimpiga mtumwa kwa pembe akafa, bwana wa mtumwa hulipwa shekeli 30. Kiasi hichohicho ndicho makuhani walichompimia Yuda.

Saa 4. Foleni imefika mlangoni. Anakuja mzee mmoja kufuatilia mafao ya marehemu mwanawe. Bahasha ameishika kwa mikono yote miwili, kona zake zimelainika kwa jasho. Jina la marehemu kwenye cheti cha kifo limepishana herufi moja na lililo kwenye jalada. Dirisha jingine walishamwambia hilo ni lake, akalishughulikie mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "tangu wiki jana natumwa huku na huku. Huyu alikuwa mtoto wangu wa kwanza."

Kumlipa siwezi. Utaratibu huo ni wa haki na nautetea kwa moyo wote, maana fedha za marehemu zisipolindwa huliwa na wajanja, na wanaoumia ni wazee kama huyu. Nikampa pole ya msiba kwanza. Nikamwuliza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Akaniambia, kwa maneno machache. Kisha nikaomba ruhusa kwa msimamizi, mwenzangu akanishikia dirisha, nikamsindikiza mzee hadi masjala. Huko tukamwandikia kwa herufi kubwa hati anayotakiwa kuleta: ya kiapo, kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Akaikunja ile karatasi polepole, akaitia mfuko wa shati.

Saa 7 mchana. Mapumziko. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma, pasipopita watu, nikasoma mbele kidogo, Mathayo 27. Yuda amejuta. Anarudisha vile vipande 30 na kukiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Nao wanamjibu: yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe.

Nikabaki kwenye maneno hayo muda mrefu. Makuhani hao ndio hasa waliowekwa kumpokea mtu anayekiri dhambi. Anatupa fedha hekaluni, anakwenda kujinyonga, na wao wanajadili zile fedha ziingizwe wapi! Wanakubaliana kwamba si halali kuziweka katika sanduku la sadaka, kwa kuwa ni kima cha damu, basi linanunuliwa konde la mfinyanzi la kuzikia wageni. Sheria ya fedha waliishika barabara. Neno la kumtegemeza aliyechoka halikutoka kinywani mwa hata mmoja wao.

Simtetei Yuda. Yesu mwenyewe alisema maneno mazito juu yake. Ila niliposoma jibu lile nilimwona mzee wa asubuhi, na jinsi lilivyo jepesi ulimini mtu akiwa na foleni mbele yake.

Saa 9 alasiri. Kufunga hesabu. Vocha, risiti, salio. Imekubali.

Saa 12 jioni. Kanisani, foleni ya kitubio, ya kuungama dhambi kwa padre, ni ndefu, kama kila mwaka siku hizi za mwisho za Kwaresima. Nikingoja zamu yangu nilimfikiria Petro. Naye alianguka usiku uleule: alimkana Yesu, tena mara tatu. Luka anasema Bwana aligeuka akamtazama, naye akatoka nje akalia kwa majozi. Wote wawili walilia au walijuta. Mmoja alipeleka majuto yake kwa watu waliomwambia ayaangalie mwenyewe. Mwingine alitazamwa na Yesu. Natamani wanaosita kuja kitubio wangelijua hili, kwamba kuna mahali ambapo jibu lile halitolewi.

Saa 3 usiku. Tumesoma Yohana 13 na watoto, tujiandae kwa kesho. Mkubwa akauliza kama Yuda naye alioshwa miguu. Tukafuata mistari kwa kidole: kuoshwa kuko mwanzoni mwa sura, Yuda anatoka mstari wa 30. Alioshwa. Akafikiri kidogo.

"Na Yesu alikuwa anajua?"

Mstari wa 11 unasema alijua. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza kitu.

Kesho ni Alhamisi Kuu, Misa ya Karamu ya Bwana ni jioni, na nimeomba kutoka mapema. Mzee amesema atarudi asubuhi na hati yake. Jalada la mwanawe nimeliweka juu kabisa kwenye trei, na yule mwenzangu wa dirisha la pili nimemwachia ujumbe kwamba likimkuta yeye kabla yangu, ampe mzee kiti kwanza.