Sahani ya Noeli mbili

Lubumbashi, Jumapili 21 Desemba 2025

Binti yangu ameniomba pamba. Si ya kidonda, ni ya mti wa Noeli. Amekata tawi la msipresi uani, amelisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, na sasa anataka liangukiwe na theluji. Nimempa pakiti nzima. Nje mvua inapiga bati tangu saa tisa mchana, maembe ya jirani yanadondoka moja moja, na umeme hakuna. Tumewasha mshumaa mmoja mezani. Anaichambua pamba kwa vidole, polepole, kama mtu anayenyonyoa kuku.

Nilipokuwa na umri wake nami nilifanya hivyohivyo. Darasani tulichora nyumba zenye dohani na paa jeupe, kisha tukarudi nyumbani miguu peku, viatu mkononi, tukivuka madimbwi ya matope mekundu. Hakuna aliyeona ajabu. Noeli ilikuwa na theluji kwenye karatasi na mvua barabarani, basi.

Huko kaskazini ya dunia usiku wa leo ndio mrefu kuliko wote katika mwaka. Wairani wanaukesha pamoja kwa wakubwa wa ukoo, wanakula makomamanga na tikiti maji, wanasoma mashairi ya Hafez, mpaka giza lianze kupungua. Wasweden walishapita siku ya Lucia tarehe 13, msichana mbele na taji la mishumaa kichwani. Watu hawa wana sababu ya kuwasha taa: jua lao linawakimbia kweli. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na leo ndio mchana wetu mrefu kuliko yote. Giza la jioni hii limeletwa na mawingu tu.

Nikiutazama mshumaa huu namkumbuka baba. Alifanya kazi miaka mingi katika duka la vitambaa mjini, duka la mzee mmoja Myahudi mwenye asili ya kisiwa cha Rhodes. Wayahudi wa Rhodes walikuja Katanga wengi tangu mji huu ukiitwa Elisabethville, na sinagogi yao bado ipo. Waliobaki kisiwani, Wajerumani waliwakusanya Julai 1944, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliotoka hai ni kama 150. Mzee yule hakuwa msemaji, lakini kila Desemba alikuwa akiweka kinara chenye mishumaa tisa nyuma ya kaunta, na baba alikuwa akichelewa kufunga duka ili aone kikiwashwa. Hiyo ndiyo Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya siku nane: hekalu la Yerusalemu lilipotakaswa, mwaka 164 kabla ya Kristo, wanasimulia kwamba mafuta ya siku moja yaliwaka siku nane. Mshumaa wa tisa si wa kuhesabiwa. Unaitwa shamash, maana yake mtumishi, na ndio unaowasha mingine. Baba alilipenda jambo hilo mno. Alitusimulia kila mwaka, kila mara akiinua kidole kimoja kuuonyesha huo wa tisa ulivyosimama juu ya wenzake. Jioni hizo alirudi na karatasi iliyolowa mafuta, ndani mna mikate ya kukaangwa kama ile ya mama zetu wa sokoni, ila imemwagiwa asali. Tuliilamba mpaka karatasi.

Usiku wa leo ni wa nane. Mahali fulani vinara vyote vimejaa.

Idd nayo nitaigusa, kwa sababu ilinifundisha kalenda kabla ya mwalimu yeyote. Mwaka 2000 ilianguka tarehe 27 Desemba. Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani Waislamu wa mtaa wetu wana Noeli yao siku mbili baada ya yetu. Mwaka uliofuata ikaja kabla ya Noeli, nikachanganyikiwa kabisa. Mwaka wao wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo sikukuu inazunguka majira yote. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza tena mwishoni mwa Desemba. Binti yangu atakuwa na miaka kumi na minne.

Lakini ninayetaka kumwandika leo ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ni Mkimbangu, muumini wa kanisa la nabii Simon Kimbangu, na sisi watoto tulimwita Mama Nkamba kwa jina la mji wao mtakatifu. Tarehe 25 Desemba kwake ni siku ya kazi. Noeli yao ni tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Dialungana Kiangani mwaka 1916, mtoto wa Kimbangu; Dialungana huyo kwao ndiye Kristo aliyerudi. Kimbangu mwenyewe alifungwa mwaka 1921, na amefia hapahapa mjini kwetu, gerezani, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini ya kifungo. Mama Nkamba akipita mjini huwa ananyamaza kidogo anapotaja hilo, nami nimejifunza kunyamaza naye.

Mama yangu alikuwa na sahani moja ya bati, nyeupe, ukingo wa bluu, upande mmoja imebanduka rangi hadi inaonyesha chuma cheusi. Kila Noeli yetu ilivuka kwa Mama Nkamba na wali na kuku. Kuku huyo alipikwa katika sufuria ya peke yake, kwa kuwa Wakimbangu hawali nguruwe, na kwetu siku hiyo nguruwe hakosi. Sahani hairudi tupu, kila mtu anajua. Basi ilikaa kwake miezi mitano.

Ilirudi Mei. Mei hapa Lubumbashi mvua imekwisha, vumbi limeanza, na baridi inaingia. Asubuhi unasogea kwenye mbabula, jiko letu la makaa, huku umejifunga kitenge juu ya sweta, na moshi wa makaa haupandi, unalala chini. Tulisikia fanfare yao, bendi ya tarumbeta, kutoka mbali, kisha tukamwona amesimama mlangoni, amevaa kijani na nyeupe, ameishika sahani kwa mikono miwili, mvuke unampanda usoni. "Leo kwetu ni Noeli," anasema. "Mukule na batoto." Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, nikavipasha kwenye ukingo ule wa bluu kabla hata ya kuonja.

Noeli yenye baridi ninayoijua mimi ni hiyo. Nilichora dohani miaka yote, na mvuke wa sahani ile sikuuchora hata mara moja.

Mama alifariki miaka minne iliyopita. Mei iliyofuata Mama Nkamba alikuja vilevile, akanikabidhi mimi sahani, hakusema neno refu.

Mti umekwisha. Pamba imebaki kidogo, na binti anauliza tuiweke wapi. Nimemwambia aiweke kabatini kwenye rafu ya sweta, na palepale achukue ile sahani, aisugue vizuri kwa majivu. Alhamisi ataipeleka yeye.