Kiti cha Mama Kesi

Telekomande ya klima, ile mashine ya kupoza hewa, nilikabidhiwa mimi kwa sababu ndani ya biro ile nilikuwa peke yangu nisiye na cheo. Nilikuwa nafanya staji kwa watu wanaoandika karatasi za forodha za malori yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa, kati ya Kongo na Zambia, na Patroni alikuwa amechoka kusikia makelele ya baridi na joto. "Mupe ule mutoto wa staji," akasema, "yeye hana upande." Saa sita haijafika nilikuwa nimeshapewa pande zote mbili.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Wageni wakisikia Kongo hudhani ni jasho mwaka mzima, kumbe Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba alfajiri utakuta masentineli, yaani walinzi, wanaota moto wa mbabula, jiko la mkaa, makoti yamefungwa hadi shingoni. Ila mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado hazijashika, joto linapita nyuzi 30 na vumbi jekundu linaingia hata kwenye droo uliyoifunga kwa ufunguo. Chumba chetu kilikuwa na bati juu, dirisha kubwa la magharibi, na klima moja tu ya zamani iliyotundikwa juu ya mlango.

Chini yake kabisa alikaa Mama Kesi. Asubuhi aliingia na kitenge kiunoni. Ikifika saa nne cha pili kilikuwa mabegani, na sweta juu yake. Kazi yake ilikuwa kesi, yaani sanduku la pesa: kuhesabu faranga, zile noti zilizochakaa zinazogandana, kwa hiyo kila baada ya noti chache alichovya vidole kwenye sponji yenye maji. Jaribu wewe kulowesha vidole na kuviacha kwenye upepo wa klima kutwa nzima. Nilimwona akikatiza bunda katikati, akikunja ngumi na kuipulizia pumzi, halafu akianza upya toka noti ya kwanza kwa sababu hesabu imempotea.

Dirishani alikaa Papa Deklara, mkubwa wetu. Kasumbalesa ni kilomita kama 90, na siku alizokwenda huko alirudi mchana jua likiwa kali, shati limenata mgongoni, tai imekazwa vilevile. Alikuwa wa kizazi kile ambacho Rais Mobutu alikivalisha abakosti, suti isiyo na tai, na kukikataza tai hadi 1990; tangu ruhusa ilipotoka, sidhani kama aliwahi kuilegeza mbele ya watu.

"Mutoto, weka kumi na sita."

Ninaweka. Hazipiti dakika nyingi.

"Mutoto yangu, unapenda niende ku kaburi na gripe? Pandisha iyo kintu."

Ninapandisha. Wenyewe kwa wenyewe hawakusemezana hata neno. Walizungumza kupitia kidole changu cha gumba.

Aliyekata mambo ni Mama Kesi, na bila kugombana. Patroni alikuwa na ofisi yake na klima yake. Kwetu alipita tu, akasimama mlangoni kidogo, akasema hewa iko muzuri, akaondoka. Kila mwisho wa mwezi alikagua kesi, na siku zote Mama ndiye aliyempelekea daftari na pesa. Safari hii akasema mabunda ni mengi, si vizuri kuyatembeza koridoni. "Patroni, ikala hapa kwangu, utahesabu muzuri." Akampisha kwenye kiti, kisha akanikazia macho. Nikaelewa. Papa Deklara alikuwa ametoka kuniamuru kumi na sita, na kumi na sita ikabaki.

Patroni akachovya vidole, akahesabu. Akavuta kola. Akatazama juu, akahesabu tena. Bunda la tatu halijaisha alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti.

"Mama, unaikalaka hapa kila siku?"

"Miaka, Patroni."

Frigoristi, fundi wa klima, alikuja kesho yake asubuhi. Alipanda ngazi, akafungua kifuniko na kuchomoa kichujio. Vumbi jekundu lilikuwa limekishona mithili ya blanketi. Akatueleza huku akikipigapiga uani: hewa ikikosa njia inatoka dhaifu lakini baridi sana, na hewa baridi isiyo na nguvu haifiki mbali, inaanguka papo hapo ilipotokea. Akaweka kipimajoto juu ya meza ya Mama: 18. Akakipeleka dirishani: 29. Mle mle, chumba kimoja! Tena mashine kama ile, akasema, hata ukiweka kumi na sita haipozi haraka kuliko ukiweka ishirini na nne; tofauti ni kwamba haipumziki. Kwa hiyo kila Papa Deklara alipoagiza kumi na sita kule dirishani, baridi ilimfikia Mama, naye akabaki na joto lake.

Miaka ilipita ndipo nikasoma utafiti wa 2015 katika jarida la Nature Climate Change, wa Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt wa Uholanzi. Walionyesha kwamba kanuni za joto la ofisini zilitungwa miaka ya 1960 kwa kipimo cha mwanaume wa miaka 40 mwenye kilo 70, na kwamba kipimo hicho kinaweza kukadiria joto linalozalishwa na mwili wa mwanamke kuwa kubwa kuliko lilivyo, kwa hadi asilimia 35. Nauamini. Ila kwetu haikuwa habari ya mwanaume na mwanamke tu: Patroni naye alifunga vifungo.

Dawa ya frigoristi ilikuwa nyepesi. Hawa wawili wabadilishane meza. Papa Deklara akaruka: "Miye niikale ku mulango kama sentineli?" Meza ya dirishani ilikuwa meza ya mkubwa, tangu zamani, na mtu wa cheo hakai pale ambapo kila mteja anaingia akimwulizia choo kiko wapi. Akabaki na jua lake. Kichujio safi kilisaidia kidogo, lakini dirisha la magharibi halina msamaha.

Alishikilia hivyo hadi Alhamisi. Alirudi kutoka Kasumbalesa ameloa, Mama Kesi yuko banki, akakaa kwenye kile kiti cha mlangoni "kidogo tu, nivute pumuzi". Mama aliporudi alimkuta amefumba macho, uso ameuinua kwenye upepo. Hakumsemesha. Akachukua sponji yake, daftari na vitenge, akavihamishia dirishani. Papa Deklara alipofumbua macho aliniomba nimletee mihuri yake na ile kalenda ya ukutani, na kule upande wa pili Mama alikuwa ameshaanza kudai pazia.