Nilipoacha kutoa rozari kama adhabu

Daftari langu la zamu lilikuwa na safu tatu: jina, kosa, adhabu. Nilikuwa mwalimu wa dini na mlezi wa wanafunzi katika shule ya bweni ya Kikatoliki. Adhabu niliyoiona ya upole kuliko zote, na yenye faida kwa roho, ilikuwa rozari, sala ya kurudia Salamu Maria kwa kuhesabu shanga. Kuchelewa sala ya asubuhi, rozari moja. Kusinzia kwenye Misa, rozari mbili. Wenzangu walitoa fimbo au kufagiza uwanja, nami nikajiona mwenye huruma.

Jioni moja niliingia kikanisani kumkagua msichana niliyempa rozari mbili kwa kulala wakati wa mahubiri. Alikuwa amepiga magoti, rozari mkononi, lakini shanga hazisogei. Kidole gumba kilikuwa kimeng'ang'ania punje moja mpaka ukucha umekuwa mweupe.

"Umefika tendo la ngapi?"

"Sijui, Mwalimu. Siku hizi nikisikia tu Salamu Maria, najua kuna nilipokosea."

Sikuwa na jibu. Rozari ya makumi matano ina Salamu Maria 53, na mimi nilikuwa nimezigeuza zote kuwa viboko. Nilimwambia ainuke tukae kwenye benchi. Ndipo nilipojua kwamba kwa wiki tatu alikuwa halali usiku, moyo unamwenda mbio, na mwenzake wa kitanda cha juu ndiye pekee aliyejua. Usingizi wa kwenye Misa haukuwa dharau. Pale palikuwa mahali pa kwanza penye utulivu tangu jana yake.

Kosa langu la pili nililifanya papo hapo: nilimwahidi kwamba sitamwambia mtu. Muhuri wa kitubio, yaani siri ya maungamo, unamfunga padre, haunifungi mimi, na mtoto asiyelala wiki tatu si siri ya mwalimu mmoja. Kesho yake ilibidi nirudi kwake kumwomba radhi na kumweleza kwamba nitamshirikisha mshauri nasaha. Alinikasirikia, na alikuwa na haki. Tangu hapo, mwanafunzi akianza na "Mwalimu, nina jambo," namtangulizia: nitakusikiliza, ila nikiona uko hatarini nitamwambia mtu anayeweza kukusaidia. Wachache hunyamaza hapo. Wengi huendelea.

Mshauri alimpeleka kwa daktari. Nakiri kwamba mimi peke yangu ningemwongezea novena, sala ya siku tisa. Tumezoea kumwambia mwenye sonona au wasiwasi "omba zaidi", kana kwamba maradhi ni uvivu wa imani. Hata Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inapozungumzia kujiua, inakubali kwamba matatizo makubwa ya akili yanaweza kupunguza wajibu wa mtu kwa alichotenda. Kama Kanisa linatambua hilo kwenye jambo zito namna ile, mimi nani wa kumhesabia mtoto usingizi kuwa dhambi?

Nilikwenda kwa Sista Mkuu na ombi moja: sala itoke kwenye orodha ya adhabu. Alinisikiliza, akaniuliza nidhamu itasimama juu ya nini. Sikuwa nimejiandaa, nikashika nilichokumbuka, barua ya Don Bosco, padre wa Italia aliyelea vijana, kutoka Roma ya Mei 1884. Aliandika kwamba haitoshi vijana kupendwa, ni lazima wao wenyewe watambue kuwa wanapendwa. Sista akatabasamu: "Don Bosco alikuwa anacheza nao uwanjani. Wewe unacheza?" Sikuwa nikicheza. Nilianza kushinda uwanjani jioni, sina mpira wala mbio, ila nilikuwepo. Kwa kweli nilijua mengi zaidi pembeni ya goli kuliko ofisini.

Kilichonipa shida zaidi kilikuwa kitubio. Gombera wetu, yaani msimamizi mkuu wa shule, alikuwa padre, naye ndiye aliyeungamisha. Foleni ilikuwa fupi, tukasema watoto wa siku hizi hawana dhamiri. Lakini wewe ungekwenda kumweleza makosa yako mtu yule yule anayesaini barua ya kukufukuza? Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 985, zimeliona hilo zamani: mkuu wa taasisi ya malezi asiwaungamishe wanafunzi wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wao wenyewe waombe kwa hiari katika nafasi fulani. Nilimwonyesha kwa woga mkubwa. Aliisoma mara mbili, akafunga kitabu, akasema, "Tumwombe padre wa jirani." Padre huyo alipokuja mara ya kwanza alitoka kikanisani giza limeshaingia.

Usiku tuliweka dakika kumi za utafiti wa dhamiri, yaani kuipitia siku yako mbele ya Mungu, kwa namna ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Wiki za mwanzo niliuharibu. Nilisoma orodha ya dhambi, nao wakalala na orodha hiyo kichwani. Nilipourudia vizuri niliona hatua zake ni tano, na ya kwanza ni kushukuru. Sasa naanza hapo na nakaa hapo muda mrefu. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza aliniambia alishukuru kwa sababu siku hiyo hakuna aliyemtania kigugumizi chake. Nisingejua kamwe kwamba siku nyingine zote alitaniwa. Hilo tulilifuatilia bwenini kesho yake.

Si kila kitu kimenyooka. Misa ya katikati ya wiki tuliifanya ya hiari, na viti vikapungua watu. Walimu wawili bado wanasema nimelegeza imani, na mzazi mmoja alisema hakumleta mwanawe shule ya Kanisa ili achague kusali. Nilimjibu kwamba imani ya kulazimishwa Kanisa lenyewe linaikataa. Hakuridhika, tukaachana hivyo.

Yule msichana sasa analala. Jumatano nyingine haji Misa, nyingine anakuja na kukaa benchi la nyuma kabisa, mikono mitupu. Rozari yake bado iko kwenye droo yangu, aliiacha kikanisani jioni ile. Nilimwambia iko pale. Akasema, "Ikae kwanza, Mwalimu."