Kilele cha Kurudi

Aliyewahi kupima jinsi methanoli, aina ya alkoholi, inavyoungua kwa umeme kwenye metali ya platinamu anavijua vile vilele viwili vya mchoro. Unapandisha volteji taratibu, mkondo wa umeme umelala, halafu unapanda mpaka kileleni na kuporomoka. Unairudisha volteji chini, na mkondo uliodhani umekufa unachomoza tena, na bado ni wa uoksidishaji, yaani wa kitu kinachonyang'anywa elektroni. Cha kwanza, tulifundishwa, ni methanoli yenyewe. Cha pili ni mabaki ya sumu yanayochomwa. Kwa hiyo gawanya kimoja kwa kingine, upate uwiano unaoonyesha kichocheo chako, metali inayoharakisha mmenyuko, kinahimili sumu kiasi gani. Majedwali ya uwiano huo yalijaa kwenye makala tulizokuwa tukisoma, na rasimu yetu nayo ilikuwa na lake.

Sumu yenyewe haina ubishi. Molekuli ya methanoli ikitua kwenye platinamu huvuliwa haidrojeni zake, na mara nyingi huishia kuwa kaboni monoksidi iliyong'ang'ania metali kama mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama. Ili iondoke ikiwa kaboni dioksidi, na elektroni zote 6 zipatikane, inahitaji oksijeni itokanayo na maji yaliyovunjika jirani yake. Platinamu tupu huchelewa kuyavunja maji. Rutheni, metali nyingine, huyavunja kwa volteji ya chini zaidi, ndiyo maana watafiti Watanabe na Motoo, mwaka 1975, walieleza metali hizo mbili kuwa zinagawana kazi.

Alasiri moja msimamizi wangu alivuta kiti akakaa nyuma yangu. Nilikuwa nimeupitisha waya wa platinamu kwenye moto mpaka ukawa mwekundu, nikauzamisha kwenye asidi ya salfuriki yenye methanoli, naitrojeni ikibubujika pembeni kufukuza hewa.

"Kikomo chako cha juu ni kipi?"

"Volti 1.0, Mwalimu." Tulikuwa tukihesabu kwa elektrodi rejea ya haidrojeni, ile inayochukuliwa kuwa sifuri ya kulinganishia.

"Pandisha kidogo kidogo. Usiguse kingine chochote."

Nikaweka 1.2. Kilele cha kwenda kilibaki vilevile, cha kurudi kikapungua na kusogea kushoto, upande wa volteji ndogo. Nikaweka 1.4. Kikasinyaa zaidi, kikasogea tena. Nilirudia 1.0 nikidhani methanoli inaisha chomboni, na kilele kikarudi kuwa kirefu kama mwanzo.

Msimamizi alicheka kwa pua, kawaida yake. "Sasa niambie, mabaki gani hayo yanayosubiri mpaka volti 1.4 bila kuungua, halafu yaungue tukiwa njiani kushuka?"

Kweli, kaboni monoksidi kwenye platinamu huungua chini sana ya hapo. Kinachofanyika kule juu ni kwamba platinamu inajivika oksidi, tabaka la oksijeni iliyoungana na metali, na methanoli inakosa pa kukaa. Ndipo mkondo unaporomoka. Ukipanda zaidi, oksidi inakuwa nene na ngumu kuondoa, na inabidi ushuke zaidi ndipo metali ibaki wazi. Ikishakuwa wazi, methanoli mpya inatua na kazi inaanza upya. Kilele cha kurudi ni methanoli ileile, na ukubwa wake unategemea mahali ulipoamua kugeuza volteji. Uwiano unaobadilika kwa sababu ya kitufe nilichobonyeza mimi utanieleza nini kuhusu sumu?

Jedwali lilifutwa jioni hiyohiyo. Badala yake tulishikilia volteji mahali pamoja, 0.5, tukaacha saa itembee. Mkondo wa platinamu tupu ulididimia mbele ya macho yetu kadiri uso ulivyojaa. Ule wa platinamu yenye rutheni ulishuka pia, sikatai, lakini ulitulia juu zaidi, na hapo tofauti ya vichocheo ilionekana bila kugawanya chochote.

Makala ilipotumwa, mhakiki mmoja aliirudisha akitaka kujua mbona hatukuweka uwiano wa vilele. Tulimtumia michoro ya vikomo vyote vitatu.